Mradi wa afya umesaidia kweli? Jinsi inavyojulikana, na kwa nini jibu lako ni muhimu

Tuseme ni asubuhi Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Umemaliza kuosha vyombo, mtoto yuko mgongoni, na jua linaanza kuchoma. Unasikia hodi. Mlangoni yupo dada mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya salamu anakuuliza: "Mama, usiku wa kuamkia leo, nani katika nyumba hii alilala ndani ya chandarua?" Kisha anaendelea. Una watoto wangapi? Je, kuna mtoto aliyezaliwa hai na baadaye akafariki? Ulijifungulia wapi? Naomba kuona kadi ya kliniki.

Kina mama wengi hujiuliza: maswali haya yananisaidia nini mimi? Wengine hujibu haraka ili mgeni aondoke. Wengine husema chandarua kinatumika kila siku, kumbe kimefungwa kwenye furushi, kwa hofu kwamba wakisema ukweli hawatapewa kingine.

Makala hii inaeleza maswali hayo yanakwenda wapi na yanafanya kazi gani. Tutaona mifano halisi, mingi kutoka mkoa wetu wa Morogoro, ambapo majibu ya familia yalibadilisha namna fedha za afya zinavyotumika, na watoto wakapona.

Kupima mradi ni kufanya nini?

Serikali au shirika linapoanzisha mpango wa afya, kwa mfano kugawa vyandarua, kutoa chanjo au kutibu watoto bila malipo, lazima baadaye mtu aulize kama mpango huo umeleta mabadiliko. Kazi hiyo huitwa tathmini. Tathmini nzuri huuliza maswali matatu, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: huduma ilifika? Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika kituo cha serikali. Lakini kama mama anafika kituoni na kuambiwa dawa zimeisha, akanunue dukani, basi kwa siku hiyo sera imebaki kwenye karatasi.

Swali la pili: huduma ilitumika? Chandarua kilichofika nyumbani bado hakijazuia mbu. Kinaanza kuzuia kinapotundikwa, kikachomekwa chini ya godoro au mkeka, na mtoto akalala ndani yake.

Swali la tatu: afya ilibadilika? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Je, watoto wanaougua malaria wamepungua? Je, wanaofariki wamepungua?

Taarifa nyingi za miradi huishia kwenye swali la kwanza. Utasikia vyandarua kadhaa viligawiwa, wahudumu kadhaa walipewa mafunzo. Ni habari njema, lakini bado hatujaambiwa kama mtoto wako yuko salama zaidi kuliko mwaka jana.

Kisa cha jirani zetu: Morogoro Vijijini

Miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada ilianzisha mradi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakati ule Mvomero ilikuwa bado sehemu ya Morogoro Vijijini, kwa hiyo tunazungumzia jirani kabisa wa Kilosa.

Kabla ya hapo, bajeti ya afya ya wilaya mara nyingi ilipangwa kwa kutazama ya mwaka uliopita na matakwa ya wafadhili. Hakuna aliyejua kwa hakika watu wanakufa kwa nini, kwa sababu wengi walifia nyumbani. Kitabu cha zahanati kinamwandika aliyefika zahanati tu.

Basi wadadisi walipita nyumba kwa nyumba. Waliuliza kama kuna aliyeugua au aliyefariki, na kabla ya kufariki alikuwa na dalili gani. Mama aliyeeleza kwamba mwanawe alipata homa kali, kisha degedege, akafariki alfajiri kabla hajafikishwa hospitali, alikuwa anatoa habari ambayo haikuwa imeandikwa mahali popote.

Majibu yalipojumlishwa na kuwekwa karibu na bajeti, picha ilishangaza. Huko Morogoro, malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka yote ya maisha iliyopotea. Yaani ukihesabu miaka ambayo kila aliyefariki angeendelea kuishi, karibu theluthi moja ilipotea kwa malaria. Lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996, malaria ilipewa asilimia 5 tu. Magonjwa ya watoto kwa jumla, kama nimonia, kuharisha, surua na utapiamlo pamoja na malaria ya watoto, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo, yakapewa asilimia 13.

Viongozi wa wilaya walipoona tofauti hiyo, walibadilisha mpango. Fedha zaidi zilielekezwa kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu: akiletwa kwa homa, aulizwe pia kikohozi, kuharisha, namna anavyonyonya, na kadi yake ya chanjo ikaguliwe. Usimamizi na ugavi wa dawa vikaboreshwa.

Fedha za nyongeza hazikuwa nyingi. Ilikuwa takriban senti 80 za dola ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka mitano hivi iliyofuata, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Jambo la kukumbuka ni hili: mabadiliko hayo yalianza kwa kina mama na ndugu waliokubali kuketi na mgeni na kueleza habari ya msiba wao.

Tutajuaje kuwa ni mradi uliosaidia, na si jambo jingine?

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Afya hubadilika kwa sababu nyingi. Mwaka wa mavuno mazuri watoto hula vizuri. Mwaka wa mvua nyingi mbu huongezeka.

Wakazi wa Kilosa wanakumbuka mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha maelfu ya watu bila makazi. Kipindi hichohicho kampeni ya kitaifa ya kugawa vyandarua bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilikuwa inaendelea nchini. Sasa fikiria malaria ingeongezeka mahali palipofurika. Je, tungesema vyandarua havifai? Hapana. Maji yaliyotuama na watu kulala kwenye mahema yangekuwa sababu tosha. Vivyo hivyo, malaria ikipungua mwaka wa ukame, mradi usijipe sifa zote.

Kwa sababu hiyo wataalamu hulinganisha. Wanachukua eneo lenye mradi na eneo linalofanana nalo ambalo mradi haujafika, kisha wanatazama yote mawili kwa muda uleule. Ni sawa na mama anayejaribu mbolea mpya kwenye nusu ya shamba la mahindi na kuacha nusu nyingine kama kawaida. Mvua ni ileile, udongo ni uleule, kwa hiyo tofauti ikionekana anajua imetoka wapi.

Ndivyo ilivyofanyika kwa ule utaratibu mpya wa kutibu watoto. Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizokuwa na utaratibu huo, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa bado. Katika miaka miwili, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zenye utaratibu mpya. Na hali nyingine, kama matumizi ya vyandarua, zilikuwa bora zaidi upande wa Kilombero na Ulanga. Hata hivyo watafiti hawakutia chumvi. Walieleza kuwa sehemu ya tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu. Tathmini ya kweli husema pia mipaka yake.

Kwa nini Kilombero na Ulanga walikuwa na vyandarua vingi? Kwa sababu huko watafiti wa Ifakara walikuwa wakipima jambo jingine: je, vyandarua vyenye dawa vikiuzwa vijijini kwa bei nafuu, vitaokoa watoto? Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliongeza nafasi ya kuendelea kuishi kwa asilimia 27. Ushahidi wa aina hiyo ulisaidia nchi kuamua kwamba kila mjamzito asaidiwe kupata chandarua.

Nia njema peke yake haitoshi

Unaweza kuuliza: kama jambo linaonekana jema, kwa nini lipimwe? Si ligawiwe tu? Kisa cha kisiwani Pemba kinajibu swali hilo.

Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwa watoto wadogo, na madini ya chuma huongeza damu. Ilionekana busara kuwapa watoto wote vidonge vya madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Pemba, ambako wakati huo malaria ilikuwa nyingi, mpango huo ulipimwa kwa maelfu ya watoto kabla ya kuenezwa. Waliopewa vidonge hivyo walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 ushauri wa kimataifa ulibadilishwa. Mahali penye malaria, mtoto anayepewa madini ya chuma awe pia na kinga dhidi ya malaria na matibabu ya karibu.

Tafadhali usikielewe vibaya kisa hiki. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki ni muhimu, endelea kuvimeza. Na mtoto aliyepimwa akakutwa na upungufu wa damu afuate dawa aliyoandikiwa. Kilichoonekana Pemba ni hatari ya kuwapa watoto wote bila kuwapima, mahali ambapo malaria haijadhibitiwa. Bila kupima, mpango wenye nia njema ungeenea na kudhuru watoto, na hakuna ambaye angejua.

Je, mradi uliwafikia wote?

Kina mama waliojifungua kati ya mwaka 2004 na 2014 wanaikumbuka Hati Punguzo. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza fedha kidogo na kupata chandarua. Baadaye hati zilitolewa pia kwa watoto wachanga.

Mpango huo ulipimwa kwa kutembelea kaya katika wilaya mbalimbali. Kati ya mwaka 2005 na 2007, kaya zenye angalau chandarua kimoja ziliongezeka kutoka asilimia 44 hadi 65. Zenye chandarua chenye dawa ziliongezeka kutoka asilimia 18 hadi 36. Ni maendeleo makubwa. Lakini wapimaji waliuliza pia: ni nani aliyekosa? Ikaonekana familia maskini ziliachwa nyuma. Hati ilikuwepo, ila ile nyongeza ya dukani iliwashinda wengine.

Baadaye nyongeza ilishushwa hadi shilingi 500, na kampeni za kugawa vyandarua bure zikafanyika, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka 5, kisha kwa kaya zote. Leo chandarua hutolewa bure kliniki kwa mjamzito, na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua ya kwanza.

Angalia pia kilichotokea kwa malaria nchini. Katika upimaji wa kaya, watoto wadogo waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2007-08. Mwaka 2011-12 walishuka hadi asilimia 9. Mwaka 2015-16 wakapanda tena hadi 14, kisha wakashuka hadi 7 mwaka 2017, na mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Mafanikio hayakai yenyewe. Vyandarua huchakaa, na asiyeendelea kupima hatajua kwamba ugonjwa umeanza kurudi.

Taarifa zinatoka wapi?

Zinatoka sehemu tatu, na wewe upo katika zote.

Ya kwanza ni kadi ya kliniki. Chanjo, uzito na vitamini A huandikwa humo. Mdadisi akija, kadi hukumbuka vizuri kuliko kichwa cha mtu yeyote.

Ya pili ni vitabu vya MTUHA vya zahanati. Kila anayetibiwa au kujifungua kituoni huandikwa, na hesabu hupelekwa wilayani. Dawa na vifaa huagizwa kwa kutazama hesabu hizo. Mtoto asiyefikishwa kituoni haonekani kwenye vitabu hivyo.

Ya tatu ni hodi mlangoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulizungumza na wanawake zaidi ya 15,000 nchi nzima. Kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kila inayochaguliwa hubeba sauti ya nyingine nyingi zisizofikiwa. Jibu moja lisilo la kweli hupotosha hesabu za wengi.

Maswali ambayo kina mama huuliza

Nikisema chandarua changu hakitumiki, nitanyang'anywa? Hapana. Mdadisi hakuja kukamata mtu. Kama vyandarua havitumiki kwa sababu ya joto, au kwa sababu vimechanika, ni vizuri ijulikane. Wote tukisema vinatumika, wilaya itaamini hakuna haja ya vingine.

Naweza kukataa kujibu? Ndiyo. Anayekuhoji lazima akueleze ametoka wapi na taarifa zitatumikaje, kisha akuombe ridhaa. Unaweza kuruka swali au kusimamisha mazungumzo. Ni hivyohivyo akiomba kumpima mtoto damu. Kukataa hakukuondolei haki ya kutibiwa.

Kwa nini aniulize habari za mtoto wangu aliyefariki? Ni swali linaloumiza, na mdadisi anapaswa kukuuliza kwa upole na kukupa muda. Analiuliza kwa sababu mtoto aliyefia nyumbani bila kutajwa, kwa wapangaji wa bajeti ni kana kwamba hakuwahi kuwepo. Kumtaja kunasaidia kumlinda mwingine.

Wewe unaweza kufanya nini?

- Tunza kadi ya mtoto mahali pakavu, na uende nayo kila unapokwenda kituoni. Hakikisha kilichotolewa kimeandikwa.
- Jibu ukweli unapohojiwa, hata kama ukweli huo hauwapendezi wenye mradi.
- Mtoto akipata homa, mpeleke kituoni ndani ya saa 24. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, mpeleke mara moja, usiku au mchana.
- Sajili vizazi na vifo vya familia yako.
- Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila miezi mitatu. Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Wajue wawakilishi wenu.

Mradi ukija kijijini au ukiaga, simama uulize maswali haya:

- Mlitaka kubadilisha nini katika afya ya watoto wetu?
- Mlihesabu hali ilivyokuwa kabla ya kuanza?
- Sasa hali ikoje, na mmelinganisha na wapi?
- Ni kaya zipi hazikufikiwa? Za vitongoji vya mbali? Za wafugaji? Za kina mama wanaolea peke yao?
- Matokeo mtatuletea lini, kwa lugha tunayoielewa?

Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Mama anayejua mwanawe ameongezeka uzito kwa kutazama mchoro wa kadi tayari anafanya tathmini: anatazama ilivyokuwa, ilivyo sasa, na anatafuta sababu.

Hesabu yenye watoto ndani yake

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2004-05 walikuwa 112. Mwaka 2010 walikuwa 81, mwaka 2015-16 walikuwa 67, na mwaka 2022 walikuwa 43.

Kila namba hapo ilipatikana kwa namna ileile: mtu alipiga hodi, na mama akajibu. Namba hizo zinatuonyesha tulipofanikiwa. Zinatuonyesha pia kwamba wapo watoto 43 ambao bado tunawapoteza, na tunahitaji kujua wanaishi wapi na wanaugua nini.

Kwa hiyo hodi ikisikika, mkaribishe mgeni, tazama kitambulisho chake, sikiliza maelezo yake. Ukiridhia, mletee kadi ya mtoto na umwambie hali ilivyo.